Hamisi, Khamis na Hamisa: kompyuta isikie kwa sikio la nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba. Tuna daftari la wakulima wa korosho lenye majina kama 3,000. Limeandikwa na makarani tofauti kwa misimu mingi, na sasa lote limeingizwa kwenye Excel. Mtu mmoja unamkuta ni Hamisi Saidi Chilumba kwenye orodha ya salfa (dawa ya mikorosho), Khamis Said Kilumba kwenye stakabadhi ya ghala, na Hamis Saidi Chilumba kwenye akaunti ya benki. Nimeambiwa zipo njia za kompyuta za kulinganisha majina yanayokaribiana kwa herufi au kwa matamshi: Soundex, Levenshtein, Jaro-Winkler na nyingine. Ipi inafaa kwa majina yetu? Na je, naweza kuiachia iunganishe yenyewe?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye hela za watu ndani yake. Hapana, usiiachie. Kompyuta ikuletee jozi za majina yanayotiliwa shaka, uamuzi ubaki kwako na kwa wanaowajua hao watu kwa sura. Kuhusu ipi inafaa, jibu langu huenda lisikufurahishe: kati ya hizo ulizotaja, hakuna inayofaa majina ya Kusini ikitumika peke yake kama ilivyo. Itabidi utangulize kanuni chache za kwako, zinazojua makarani wetu huteleza wapi, ndipo mojawapo ya hizo njia ifanye kazi juu yake.

Makosa ya daftari yana vyanzo viwili, na kila njia imebuniwa kwa ajili ya kimoja. Kuna kosa la kidole: karani alijua anachotaka kuandika, ila kidole kikaangukia herufi ya jirani, au kikaruka moja, au kikapindua mbili, Fatuma akawa Fatmua. Na kuna kosa la sikio: mkulima kataja jina lake dirishani, nyuma yake foleni ndefu na magunia yanasubiri mzani, karani akaandika alivyosikia. Hilo la pili hata kuliita kosa ni kuonea, kwa sababu Hamisi na Khamis yote mawili yameandikwa sawasawa. Kwa mifano uliyonipa, daftari lako limejaa ya sikio. Wengi wanaoulizwa swali kama lako hukimbilia njia ya kidole kwa kuwa ndiyo rahisi kuipata, kisha wanashangaa imekamata watu wasiohusika.

Sikio la Kiingereza

Njia kongwe ya sikio ni Soundex. Mmarekani Robert Russell aliipatia hataza mwaka 1918. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliitumia kupanga faharasa za sensa za zamani, ili mtu atafutwe na kupatikana hata kama jina lake liliandikwa ovyo. Shida yao haikuwa mbali na yako: mhamiaji kutoka Poland au Ujerumani anataja jina, karani anaandika kwa sikio lake la Kiingereza.

Inafanya hivi. Herufi ya kwanza ya jina inabaki kama ilivyo. Irabu zote zinatupwa, pamoja na h, w na y. Konsonanti zinazosalia zinageuzwa namba kwa makundi: b, f, p na v ni 1, c, g, j, k, q, s, x na z ni 2, d na t ni 3, l ni 4, m na n ni 5, r ni 6. Za kundi moja zilizofuatana bila irabu kati yake zinahesabiwa mara moja. Unachukua namba tatu tu, na zikipungua unajaza sifuri. Kwa hesabu hiyo Saidi na Said wote ni S300, Selemani na Suleiman wote ni S455, Fatuma na Fatma wote ni F350. Hadi hapo utadhani kazi imekwisha.

Sasa ipe Mohamedi. Inakupa M530. Muhammad naye M530, vizuri. Mahmudu? M530. Na Mwanaidi? M530 vilevile, maana w imetupwa, irabu zimetupwa, zimebaki n na d. Kwa Soundex, Mzee Mohamedi na Bi Mwanaidi wana jina moja! Halafu geuza upande wa pili: Hamisi ni H520 lakini Khamis ni K520. Chilumba ni C451, Kilumba ni K451. Hata Ruangwa na Luangwa haiwezi kuzikutanisha, moja R520 na nyingine L520. Herufi ya kwanza haiguswi, na herufi ya kwanza ndiyo hasa inayotuchezea sisi.

Si kwamba Russell alikosea. Katika Kiingereza irabu moja huandikwa kwa namna nyingi na kutamkwa kwa namna nyingi, kwa hiyo kuzitupa ni busara. Huku kwetu, iwe Kiswahili, Kimakonde, Kimwera au Kiyao, karibu kila silabi inaishia na irabu, na irabu inasomwa kama ilivyoandikwa. Ukizitupa umetupa nusu ya jina, tena ile nusu iliyo imara.

Metaphone, iliyotolewa na Lawrence Philips mwaka 1990, inasifiwa kuwa na akili zaidi, na kwa Kiingereza ni kweli. Inajua kwamba g ikifuatwa na e au i husomwa j. Kwa hiyo Magembe inamsoma Majembe. Toleo la mwaka 2000, Double Metaphone, linazingatia pia majina ya Kijerumani, Kiitaliano, Kifaransa na ya Ulaya Mashariki. Sisi hatumo. Tupite.

Kuhesabu vidole

Levenshtein ni njia ya kidole. Mrusi Vladimir Levenshtein aliieleza mwaka 1965: hesabu ni herufi ngapi inabidi uongeze, uondoe au ubadilishe ili neno moja liwe jingine. Mwaka mmoja kabla yake Frederick Damerau alikuwa amechunguza makosa ya uandishi na kukuta kwamba zaidi ya asilimia 80 yalikuwa kosa moja tu la aina nne: herufi iliyokosewa, iliyorukwa, iliyozidi, au mbili zilizopinduana. Ndiyo maana ukiona programu inazungumzia Damerau-Levenshtein, ujue Fatmua na Fatuma kwake ni umbali wa 1, wakati kwa Levenshtein mtupu ni 2. Kama karani wako wa sasa anachapa haraka, chukua hiyo ya Damerau.

Lakini tazama inavyotuangusha. Hamisi hadi Khamis: ongeza k mbele, ondoa i nyuma, umbali ni 2. Hamisi hadi Hamisa: badilisha herufi moja, umbali ni 1. Mwanamume yuleyule yuko mbali kuliko mwanamke asiyehusika naye! Vivyo hivyo Saidi na Saida, Rashidi na Rashida, Salimu na Salima. Na ukienda kwa Abdallah na Abudala, jina lilelile, unakuta umbali wa 3. Ukisema "nitakubali hadi 3" ili uwapate akina Abdallah, utaunganisha nusu ya kijiji.

Jaro-Winkler nayo ilizaliwa ofisi ya sensa ya Marekani. Matthew Jaro aliitumia kwenye sensa ya majaribio ya mji wa Tampa mwaka 1985, na William Winkler akaiongezea kitu mwaka 1990. Inatoa alama kati ya 0 na 1, ambapo 1 ni sawa kabisa. Kile alichoongeza Winkler ni zawadi kwa majina yanayofanana mwanzo, hadi herufi nne za kwanza, akiamini kwamba watu hukosea zaidi katikati na mwisho wa jina kuliko mwanzo.

Hapo ndipo ninapoachana nayo. Kusini ni nyumbani kwa akina Nam-, Nan-, Chi-, Li-, Mna-. Chukua Namkunda na Namtuka, koo mbili zisizojuana. Kwa Jaro mtupu wanapata 0.81. Winkler akitoa zawadi yake kwa ajili ya "nam", wanapanda hadi 0.87. Hamisi na Khamis, kwa kuwa hawashirikiani herufi ya kwanza, hawapati zawadi na wanabaki 0.89. Tofauti ya 0.02 kati ya jina moja na majina mawili tofauti! Hamisi na Hamisa ndiyo kabisa, wanapewa 0.93. Hakuna mahali utakapochora mstari ukasema juu ya hapa ni mtu mmoja. Wauzaji wa programu wanaipenda sana Jaro-Winkler kwa sababu asilimia zinapendeza kwenye skrini. Usidanganyike na desimali.

Ipo njia nyingine hukuitaja, ya kukata jina vipande vya herufi tatu tatu na kuhesabu vinavyoshirikiwa. Hifadhidata ya PostgreSQL inayo, na mkiwa na mtu wa mifumo wilayani huenda akakupendekezea. Kwa majina marefu ya mahali au ya kampuni ni nzuri. Kwa majina mafupi ya watu inayumba: Hamisi na Khamis wanashirikiana vipande vitatu kati ya kumi na kimoja (nafasi tupu za mwanzoni na mwishoni mwa jina nazo zinahesabiwa), yaani 0.27, na kiwango cha kawaida cha programu hiyo ni 0.3, kwa hiyo hata hawaoneshwi.

Ila kasoro yake kubwa kwetu ni nyingine. Haijali mpangilio wa maneno. Mpe Hamisi Saidi na Saidi Hamisi, inakupa alama kamili, 1. Sasa wewe na mimi tunajua Hamisi Saidi ni Hamisi mtoto wa Saidi, na Saidi Hamisi ni Saidi mtoto wa Hamisi. Kwa desturi yetu ya kumpa mjukuu jina la babu, kuna nyumba nyingi ambamo hao wawili ni baba na mwana, kila mmoja na mikorosho yake. Kompyuta imewafanya mtu mmoja kwa uhakika wa asilimia mia.

Ufunguo wa kwako

Fanya hivi: usiguse safu ya jina la asili. Tengeneza safu mpya pembeni, uiite ufunguo, ambamo kila jina linasawazishwa kwa kanuni zilezile. Majina mawili yakitoa ufunguo mmoja, yanakuwa jozi ya kuangaliwa. Kanuni nizitaje moja moja, na zingine utaziongeza mwenyewe ukilijua daftari lako.

Kwanza usafi, na usiudharau. Herufi zote ziwe ndogo. Ondoa Mzee, Bi, Mwl, Alhaji. Neno "binti" au "bin" liondoe kwenye ufunguo lakini litunze kwenye safu ya jinsia, litakufaa baadaye. Kisha angalia alama ya ng'. Aliyechapa kwenye kompyuta ameweka alama iliyonyooka, aliyenakili kutoka simu ameleta iliyojikunja, na mwingine hakuweka kitu. Kwa jicho lako Nang'ondo ni mmoja. Kwa kompyuta ni watatu. Zote ziondoe. Nafasi zilizojificha mwishoni mwa jina nazo ni balaa: TRIM ya Excel huondoa nafasi za kawaida, lakini ile nafasi isiyokatika inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa mtandaoni, yenye namba 160, haiioni, inabidi uibadilishe kwa SUBSTITUTE. Tafuta pia sifuri iliyokaa mahali pa o.

Pili, sauti za Kiarabu ambazo kila karani anaziandika kwa kadiri ya chuo alichosoma. Kh iwe h, upate Khamis na Hamisi, Khadija na Hadija, Khalfani na Halfani. Gh iwe g. Dh iwe z, upate Ramadhani na Ramazani. Th iwe s, upate Athumani na Asumani. Mwanzoni mwa jina la kwanza, swa iwe sa na twa iwe ta: Swalehe na Salehe, Twaha na Taha, Twalibu na Talibu. Hii ya mwisho usiipeleke kwenye majina ya ukoo wala ya vijiji, utaharibu mengi. Y ya mwisho iwe i, upate Ally na Ali. H ya mwisho iondoke, Abdallah awe Abdalla.

Tatu, sauti zetu wenyewe. R iwe l popote ilipo. Huku kwetu hizo mbili zinapokezana, na hutapoteza mengi kwa kuziunganisha. Mwanzoni mwa jina la ukoo, chi na shi ziwe ki. Kilumba, Chilumba na Shilumba watakutana, na si ajabu: ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, Chimakonde hichohicho kinaandikwa Shimakonde. M na n zikiwa mwanzoni mbele ya konsonanti ziwe herufi moja, ili Mchopa na Nchopa wasikimbiane.

Nne, irabu ya mwisho, na hapa nenda polepole. Majina yaliyotoka Kiarabu huongezewa i au u mwishoni ili yakae vizuri mdomoni: Said na Saidi, Rashid na Rashidi, Salum na Salumu, Omar na Omari. Kwa hiyo kwenye jina la kwanza na la pili, likiwa na herufi tano au zaidi, kata i au u ya mwisho inayofuata konsonanti. Usikate a kamwe. Hiyo a ndiyo inayomtenga Saida na Saidi, Hamisa na Hamisi. Hakuna hata njia moja kati ya nilizozieleza juu inayoijua kanuni hii, nayo kila mama wa Newala anaijua bila kufundishwa. Kwenye jina la tatu, kata tu kama jina hilo limo pia kwenye safu yako ya majina ya kwanza, yaani ni babu aliyeitwa Rashidi. Kama ni la ukoo liache na irabu yake.

Mwisho kabisa, na iwe mwisho kweli, herufi zinazojirudia ziwe moja: Issa na Isa, Mussa na Musa, Abdalla na Abdala. Ukiitanguliza hii kabla ya nyingine, kanuni zinazofuata zitakuzalishia herufi pacha mpya.

Pima kwa mfano wako mwenyewe. Hamisi Saidi Chilumba, Khamis Said Kilumba na Hamis Saidi Chilumba, wote watatu wanatoka "hamis said kilumba". Hakuna Soundex wala desimali.

Yapo majina ambayo ufunguo hautayafikia. Athumani anatoka "asuman" na Othman anatoka "osman". Mohamedi na Muhammad bado wametengana. Fatuma na Fatma, Zuhura na Zuhra, Abudala na Abdala wanatofautiana kwa irabu ya katikati. Kwa haya fanya kazi ya mkono: toa orodha ya majina ya kwanza kwa wingi wake, chukua yale yanayojirudia sana, uandike jedwali la safu mbili, jina lilivyoandikwa na jina utakaloliweka kwenye ufunguo. Daftari la watu 3,000 huku kwetu halina majina ya kwanza mengi kiasi cha kukutisha. Akina Mohamedi, Saidi, Hamisi, Fatuma na Somoe watakula sehemu kubwa. Jedwali hilo la jioni mbili tatu litakufaa kuliko programu yoyote ya kununua. Lakini usijaze humo Joseph na Yusufu, au Asha na Aisha, kwa sababu tu asili ni moja. Unatafuta mtu, hutafuti asili ya jina.

Baada ya hapo ndipo Levenshtein anapoingia, juu ya ufunguo, si juu ya jina. Umbali wa 0 ni jozi ya kuangaliwa kwanza. Umbali wa 1 ni jozi ya kuangaliwa pili, humo utawapata waliokosewa kwa kidole. Weka sharti moja: ikiwa tofauti hiyo ya 1 ni a ya mwisho kwenye jina la kwanza, jozi itupwe, vinginevyo Hamisa atarudi kukusumbua. Zaidi ya 1 usiende.

Jina peke yake halitoshi

Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter wa Kanada waliandika hesabu ya kuunganisha kumbukumbu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii. Wazo moja lao linakutosha: kufanana kuna uzito tofauti. Watu wawili kuwa wote Saidi hakukwambii chochote, akina Saidi wamejaa. Wawili kuwa wote na jina la ukoo lililopo kwenye nyumba mbili tu wilaya nzima, hilo ni neno zito. Kwa hiyo usihesabu "majina mawili kati ya matatu yamefanana". Uliza ni majina gani yaliyofanana.

Kisha leta ushahidi mwingine: kitongoji, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, namba ya simu, namba ya NIDA kwa aliyenayo. NIDA yenye tarakimu zote 20 ikifanana, umemaliza. Simu ikifanana usikimbilie. Simu moja hutumika nyumba nzima, na mara nyingi ni ya kijana aliyeko Mtwara mjini anayepokea ujumbe kwa niaba ya wazee wake.

Na kuna mtego mmoja unaoupita ushahidi wote. Hasani na Huseni. Kwa Waislamu ndiyo majina ya mapacha, na vijiji vyako vinao. Jina la baba lilelile, la babu lilelile, kitongoji kimoja, tarehe ya kuzaliwa moja, pengine na simu moja. Soundex inawapa wote H250. Mtu akiangalia haraka anasema huyu ni mmoja, karani kachanganya. Ufunguo wangu unawatenganisha, "hasan" na "husen" wana umbali wa 2, lakini mkono wako usije ukawaunganisha kwa huruma. Waandike pembeni kama jozi zisizounganishwa, pamoja na akina Kulwa na Doto kama wapo.

Ukiwa na shaka, waache wawili. Mtu mmoja akibaki na mistari miwili, chama kitapoteza mfuko wa salfa uliozidi, na kosa litaonekana kwenye hesabu. Watu wawili wakifanywa mmoja, yule aliyefutwa atajua siku anafika dirishani na kuambiwa jina lako halipo, au umeshachukua. Mimi siwezi kuyaweka makosa hayo mawili kwenye mzani mmoja, ingawa wakaguzi watakuuliza zaidi juu ya lile la kwanza.

Kuifanya kwa Excel

Ufunguo nilioueleza unatengenezeka kwa SUBSTITUTE, pamoja na IF, LEFT, RIGHT na LEN kwa kanuni za mwanzo na mwisho wa jina, zilizopangwa safu kwa safu. Usizirundike zote kwenye fomula moja, utashindwa kuona iliyoharibu ni ipi. Jozi za umbali wa 0 utazipata kwa COUNTIF au kwa kupanga tu safu ya ufunguo kialfabeti.

Umbali wa 1 ndio wenye kazi, maana Excel haina Levenshtein yake. Na usijaribu kulinganisha kila jina na kila jina: majina 3,000 yanatoa jozi 4,498,500, wakati karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576 tu. Gawa kwanza kwa kijiji, ulinganishe ndani ya kijiji. Waliohama au wenye mashamba vijiji viwili utawakosa raundi hii. Waendee raundi ya pili kwa kupanga kwa jina la ukoo badala ya kijiji.

Kabla hujaamini matokeo, chukua jozi kama 200 bila kuchagua, zile ulizoziona zinafanana na zile zilizoponea chupuchupu, kaa na wenyeviti wa vitongoji na wakubwa wanaowajua watu, mziamue moja moja mkiwa mmefunika alama za kompyuta. Mkifunua mtaona ni kanuni ipi inakosea. Pengine kwenu r na l si tatizo kubwa, pengine kuna koo mbili ambazo chi na ki zinazitenga kweli. Rekebisha, endelea.

Kama yupo kijana wa chuo anayejua Python, vifurushi vya jellyfish na rapidfuzz ni vya bure na vinazo njia hizi nyingi tayari. Mpe kanuni za ufunguo aziandike humo na kazi ya Levenshtein itaisha ndani ya dakika. Ila usimtumie daftari zima kwa WhatsApp. Mpe safu ya ufunguo, kijiji na namba ya mstari tu, simu na akaunti za benki zibaki ofisini. Tangu ipite Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, daftari la wanachama si karatasi ya kugawa ovyo. Akikurudishia namba za mistari inayoshabihiana, wewe ndiye utakayefungua majina.

Na jina la benki usilibadilishe hata kama limeandikwa vibaya. Liweke kwenye safu yake kama lilivyo, herufi kwa herufi, kwa sababu malipo yatakwenda kwa jina hilo. Mwenye akaunti akitaka lirekebishwe, aende benki mwenyewe na kitambulisho chake.